Koti la Rabi wa Purim

Wiki ile ya kabla ya Purim, mume wangu alimkataza mwanamke mmoja na akamruhusu jirani yake jambo lile lile, na wanawake hao wakakutana kwenye ngazi zetu.

Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Wiki hiyo mlango wetu haufungwi. Mume wangu, Rabi Yekutieli, ni mkuu wa chuo kidogo cha Torati katika mtaa wetu hapa Yerusalemu, na sikukuu hii ya kukumbuka Malkia Esta na Mordekai walivyotuokoa na adui Hamani ikikaribia, watu humjia na maswali yao ya mavazi ya kujigeuza. Maswali hayo nimeyasikia tangu nilipoolewa, sasa nayajua kuliko mapishi yangu. Taji la mfalme limeshonwa kwa sufu na kitani pamoja, mchanganyiko tuliokatazwa, mtoto anaweza kulivaa siku moja tu? Aliyefiwa na baba yake mwaka huu ajipambe? Mlevi akinichania joho katika kucheza, nimdai? Na lile swali kuu la akina mama: mwanangu wa kiume anataka kuwa Malkia Esta, avae gauni la dada yake? Torati inasema mwanamume asivae mavazi ya mwanamke. Wapo wakubwa waliosema furaha ya Purim inaruhusu, na wapo waliosema Torati haiendi likizo. Mume wangu ni wa hao wa pili, na mtaa mzima unajua.

Asubuhi hiyo alimkataza Fruma, anayekaa ghorofa ya chini. Kabla chai yake haijapoa, akamruhusu Rikel, ambaye mlango wake unatazamana na wa Fruma.

"Wako kakubaliwa?" nilimsikia Fruma. "Wangu analia mpaka sauti imekauka, halafu wako kakubaliwa?"

"Kwani nimeamua mimi? Panda ukamuulize Rabi."

"Rabi ndiye aliyenikatalia! Au wewe ulipanda na sahani ya keki chini ya kanga?"

"Fruma, chunga huo mdomo. Ni wa kuombea."

Nilifuta mikono, nikashuka. "Fruma, wako ana umri gani?"

"Anaingia wa saba."

"Na wako, Rikel?"

"Mitatu na kitu."

"Basi. Wa miaka mitatu bado ni mtoto, hajafika kufundishwa. Wa saba ameshafika. Mnagombania nini hapa kama kuku? Nendeni mkapike."

Wakaondoka, kila mmoja na lake, wameridhika. Mimi nikakaa kwenye ngazi. Nililosema lilikuwa na maana, ungeweza kulipata kwenye vitabu. Lakini mume wangu hakuwa amemuuliza mtu yeyote umri wa mtoto wake. Alikuwa amesahau alichomjibu Fruma, na baya zaidi, alikuwa amesahau kwamba yeye ni mtu wa kukataza.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiishi tangu baridi ianze. Yeye akitembea mbele, mimi nyuma naziba mashimo. Alikuwa akiweka miwani kwenye sufuria. Alikuwa akimuulizia ndugu yake Hershel, ambaye tulimzika tukiwa bado na nywele nyeusi. Kisha, katikati ya hayo, anakaa, anafungua kitabu na kufafanua ukurasa mgumu ambao mkwe wetu ameuhangaikia siku mbili, na mimi najiambia, Hinda, umezidi, mtu ni mzee tu. Kesho yake anavaa viatu vyangu.

Nilitaka jambo moja: aambiwe, na akiache kiti mwenyewe, kwa mkono wake, kabla hakijamwaibisha mbele za watu. Lakini hakuna aliyethubutu kumwambia, nikiwemo mimi. Nilijaribu mara moja. Nilisema, "Yekutieli, nataka kukwambia jambo." Akaniangalia kwa yale macho yake ya kungoja swali. "Sema." Nikasema supu inapoa.

*

Siku iliyofuata akaja Getzel, kufuata koti.

Hapa kwetu kuna desturi. Siku ya Purim wanafunzi humchagua mmoja wao, humvika koti refu na kofia ya mwalimu, humketisha katika kiti cha mwalimu, na yeye humwiga mwalimu na kumchana kwa maneno mbele ya wote. Ndiye Rabi wa Purim. Mwaka mzima ni mwiko hata kukiegemea kiti kile. Siku hiyo moja kijana anakaa, na mwalimu anasikia anavyoonekana. Vyuo vingine wameikomesha desturi hii, wanasema imezaa matusi. Mume wangu alikataa kuikomesha. Alikuwa akisema kwamba mtu aliyezungukwa na wanaosimama kwa heshima kila anapoingia anahitaji angalau siku moja ya kuchekwa. Kwa ajili hiyo tulitunza kabatini koti lake la harusi, na Getzel, mtoto wa fundi vioo, alikuwa amelivaa Purim mbili mfululizo. Kijana huyo ana kipaji cha balaa. Akifunga mlango nyuma yake ukasikia kikohozi, utaapa ni mume wangu.

"Shikamoo, Bi Hinda."

"Marahaba. Liko kabatini, ngoja nikutolee."

"Sikufuata koti. Nimekuja uniambie limepotea."

"Limepotea wapi wakati naliona?"

"Sema limeliwa na nondo. Sema liko kwa dobi. Nakuomba."

Nikamwekea andazi la mbegu nyeusi, lile tunaloliita sikio la Hamani. Hakuligusa. Getzel asipogusa chakula, ujue kuna msiba.

"Jumatatu Rabi alitufundisha somo la wiki iliyopita," alisema. "Neno kwa neno."

"Mkafanyaje?"

"Tukamuuliza maswali yale yale."

"Maswali gani?"

"Tuliyomuuliza wiki iliyopita. Kila mtu lake. Aliyekosea safari ile akakosea tena vile vile, ili Rabi amsahihishe. Menashe alicheka mahali fulani, akacheka tena pale pale. Rabi akafurahi sana, Bi Hinda. Akasema hajapata kuona darasa lenye akili namna hii."

Niligeukia beseni la vyombo. Sikulia, sikuwa na nguvu hata za kulia. Chuo kizima kilikuwa kimevaa vinyago, na Purim yenyewe haijafika.

"Sasa nikikaa kwenye kile kiti nifanye nini?" alisema nyuma yangu. "Nikimwiga bila kusahau kwake, kila mtu ataona ninachokiruka. Nikimwiga na kusahau kwake, nimemwua. Anayemwaibisha mwenzake mbele za watu ni kama amemwaga damu. Yeye mwenyewe ndiye alitufundisha."

"Si mnasema anayeharibu kitu katika furaha ya Purim halipi?"

"Halipi nguo iliyochanika. Halipi bilauri. Uso wa mtu si bilauri, Bi Hinda."

"Na mwalimu akiisamehe heshima yake?"

"Akiisamehe, imesamehewa. Lakini lazima ajue anasamehe nini. Yeye hajui."

"Basi mjulishe wewe."

"Mimi?"

"Ukiwa ndani ya koti lake. Sentensi moja. Sisi wengine tumeshindwa. Wewe una ruhusa, siku hiyo unaruhusiwa kusema lolote, na hutakuwa wewe."

"Nitakuwa nani?"

Nilimwambia alifuate koti siku yenyewe, baada ya kitabu cha Esta kusomwa asubuhi, na akanipa kisogo bila kuaga vizuri. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemtwisha kijana wa watu mzigo uliomshinda mke.

*

Sijui nani alimpelekea habari mkwe wangu. Mtaa huu kuta zake ni za karatasi. Avigdor alikuja alasiri, akapita moja kwa moja mpaka kwenye kabati na mfuko mkubwa mkononi.

"Mama, mwaka huu hakuna Rabi wa Purim."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Nimeshawaambia vijana."

Avigdor ndiye msaidizi wa mume wangu chuoni, na ndiye mume wa binti yetu wa pekee. Si mtu mbaya. Kila alfajiri alikuwa akija kumpitisha Yekutieli katika somo la siku, taratibu, kana kwamba yeye ndiye anayetaka kufundishwa. Alikuwa amekonda mpaka ndevu zimeonekana nyingi. Lakini alikuwa na binti yake Perel, na posa imeletwa na watu wa mji wa Bene-Beraki, watu wazito, na jibu la mwisho lingetolewa baada ya sikukuu.

"Wakisikia babu yake akili zinamtoka, swali la kwanza litakuwa, je, ni la ukoo? Tungoje Pasaka ipite, mama. Nakuomba hilo tu."

"Na ugonjwa nao umekuahidi kungoja Pasaka?"

"Wiki chache."

"Avigdor, mficha maradhi kilio humuumbua."

Akaacha kukunja koti, akanitazama. "Na juzi kwenye ngazi, ulipomuuliza Fruma umri wa mtoto, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Aliniweza. Nikamwangalia akilisukumia koti la harusi ya mume wangu ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la samaki, na sikumzuia. Ningemzuia kwa nguvu zipi? Nilikuwa nimechoka na yeye, nimechoka na Getzel, na nimechoka na mume wangu aliyekuwa chumba cha pili akiimba peke yake. Mungu anisamehe, nilichoka pia na sikukuu ambayo mtu ameamriwa kuifurahia.

*

Yerusalemu huadhimisha Purim siku moja baada ya watu wengine, kwa hiyo nchi nzima ilikuwa imeshalewa jana yake na kulala, sisi ndiyo tunaanza. Mvua ilinyesha asubuhi ikakoma. Watoto walipanda na kushuka na sahani za vyakula vya kupelekeana. Mtoto wa Fruma alivaa kama Hamani, na kamba ya kunyongewa shingoni, kwa hasira nadhani. Wa Rikel alikuwa Esta, midomo myekundu mpaka masikioni.

Alasiri wanafunzi walikuja kwetu kwa karamu, kama kila mwaka. Meza iliunganishwa kutoka dirishani mpaka mlango wa jikoni, ambako nilisimama mimi na binti yangu na masufuria. Waliingia askari, waliingia wavuvi, aliingia dubu mmoja aliyekuwa akitoka jasho jingi. Getzel aliingia na kofia ya kijinga ya karatasi, akakaa mwisho wa benchi. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake, amevaa koti lake la kila siku, uso umemng'aa. Walikunywa, wakaimba, wakapiga meza. Nilianza kufikiri kwamba labda siku itapita hivi hivi, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyofarijika.

Kisha akagonga bilauri kwa kisu.

"Yuko wapi Rabi wa Purim?"

Kelele zikafa. Avigdor akasema, "Mwaka huu tumeona tuache, baba. Upumzike kidogo."

"Nipumzike kutokana na nini? Kutokana na mimi mwenyewe?" Vijana wakacheka, kicheko cha woga. "Getzel! Simama. Mbona uko uchi?"

"Koti halikuonekana, Rabi."

"Halikuonekana." Akanitazama mimi pale mlangoni. Akamtazama Avigdor, aliyekuwa akihesabu punje za wali kwenye sahani yake. Halafu akainuka, akaanza kufungua vifungo.

Tangu anioe, sijamwona mume wangu amesimama mbele ya wanafunzi na shati peke yake. Mikanda ya suruali ilikuwa imemlegea mabegani. Mikono yake ilikuwa myembamba, ya mtu mwingine. Akaenda mpaka mwisho wa benchi, akamwondolea Getzel kofia ya karatasi akaivaa yeye, akamvika koti, akamvika kofia yake, akamfunga vifungo kimoja kimoja, kimoja akakikosea tundu. Akamshika mkono mpaka kwenye kiti.

"Kaa."

"Rabi, siwezi."

"Nimekusamehe heshima yangu. Wote mmesikia. Kaa."

Getzel akakaa. Na mume wangu akaenda kujibana kwenye benchi, kati ya Menashe na ukuta, akakunja mikono kama mwanafunzi mgeni aliyeingia chuoni leo.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kipaji ni kipaji, hata kikiogopa. Getzel akavuta ncha ya sikio. Akakohoa kile kikohozi kinachotangulia hoja. Akatazama nje kana kwamba ukurasa umebandikwa kwenye paa la jirani. "Mabwana," alisema, na ilikuwa sauti ya mume wangu kabisa, ile ya puani kidogo, "mbuzi aliyejigeuza kondoo siku ya Purim, akamwagiwa divai, je, ni nani wa kudaiwa, mwenye mbuzi, mwenye divai, au mke wangu aliyeufungua mlango?" Vijana wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mzee wa kofia ya karatasi, akimpiga Menashe begani. Getzel akaliendesha jambo la mbuzi huyo mbele na nyuma, akamtukana Avigdor kidogo, akanisifia kugeli yangu, ile keki nzito ya viazi, kwa kusema imewatia wengi imani katika ufufuo. Nami nilicheka. Kisha akafika mahali akanyamaza. Niliona amefika kwenye lile shimo, na amesimama ukingoni.

Mume wangu akanyoosha mkono.

"Rabi, samahani. Mimi ni mgeni hapa. Naweza kuuliza?"

"Uliza, mwanangu."

"Somo hili, si ulitufundisha wiki iliyopita?"

Avigdor akanyanyuka nusu. "Baba..."

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza Rabi."

Getzel alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili. Angeweza kusema hapana. Angesema hapana kwa ile sauti ya puani, akatia utani, kila mtu akacheka na divai ikaendelea. Na mimi niliyemwomba aseme, mimi niliyemtwisha mzigo huo, nilisimama pale na sufuria mkononi nikiomba kwa Mungu aseme hapana.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ya mume wangu. "Nililifundisha. Na wiki ya kabla yake pia."

"Na sisi wanafunzi mbona hatukukwambia?"

"Mlinionea huruma."

"Na wewe mbona hukuacha?"

Hapo sauti ya kuazima ikamtoka, ikabaki ya kijana. "Rabi hakujua."

"Siku nyingine alijua," mume wangu alisema polepole. "Alijua, kisha akasahau kwamba anajua. Juzi alisikia mkewe akiongea kwenye ngazi. Akajiambia, mimi sikumuuliza mtu umri wa mtoto wake. Akakaa nalo hilo mpaka chakula. Kwenye supu likampotea." Akavua kofia ya karatasi, akaiweka juu ya meza. "Nawashukuru kwa maswali yenu. Yalikuwa mazuri. Hata mara ya pili."

Menashe alikuwa akilia waziwazi, na dubu naye, kichwa cha dubu mapajani.

"Getzel, vua," mume wangu alisema. "Mpe Avigdor."

"Baba, si leo," Avigdor alisema. "Nakusihi. Leo watu wamekunywa. Tutazungumza kesho."

"Leo ndiyo siku yake. Kesho nitakuwa nimesahau. Vaa."

Avigdor akavaa. Koti lilimpwaya, jinsi alivyokonda, na alisimama ndani yake uso umelowa kama mtoto aliyevishwa nguo za baba yake. Mume wangu akakisahihisha kile kifungo kilichokosewa tundu. Halafu mtu mmoja akaanza wimbo, sijui nani, na wakasimama wakacheza kuizunguka meza, wamemtia katikati mzee wa shati na mikanda iliyolegea, na alicheza mpaka nikaogopa ataanguka.

Walipoondoka alikaa jikoni akinitazama ninavyoosha.

"Unajua tumeamriwa tunywe mpaka mtu asijue tofauti ya kumlaani Hamani na kumbariki Mordekai," alisema. "Watu wanahangaika na chupa. Mimi nitafika bila kuonja tone, Hinda. Watanionea wivu."

Nikacheka, nikamrushia taulo. Nililala usingizi ambao sikuulala tangu baridi ianze. Nilijua mzigo umeshuka. Limesemwa, na amelisema mwenyewe, na hakuaibika.

*

Asubuhi yake aliamka mapema, akanawa mikono, akasali. Kisha akaja jikoni na shati, kofia kichwani.

"Hinda, koti langu liko wapi? Vijana wananingoja."

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nilikiweka chini.

"Ulimpa Avigdor."

"Avigdor? Kwa nini? Yeye hana koti?"

Nikamwambia. Nilianzia kwenye ngazi, nikaja kwa Getzel, nikaja kwa Jumatatu na maswali yaliyorudiwa, mpaka kwenye meza. Na nikauona ule uso niliokuwa nikiukimbia wakati wote wa baridi, uso wa mtu anayeambiwa, na safari hii hapakuwa na divai, wala wimbo, wala kijana ndani ya koti. Tulikuwa mimi na yeye na uji.

"Mimi mwenyewe nilisema hivyo?"

"Wewe mwenyewe."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

Akavuta ncha ya sikio. "Nilifanya vizuri?"

"Vizuri sana, mume wangu."

"Basi nimesamehe," alisema, akavua kofia, akakaa ale.

Kesho yake aliamka mapema, akanawa mikono, akasali, akaja jikoni. Hinda, koti langu liko wapi?

Sasa Pasaka imepita. Watu wa Bene-Beraki walisikia, bila shaka, na hawakurudi. Perel alilia siku chache, kisha ikaja posa nyingine, ya watu wa hapa hapa, ambao bibi yao naye huficha vijiko chini ya godoro. Avigdor anafundisha, na wanasema anaanza kujaza koti. Getzel huja alasiri kusoma na mume wangu, na humwambia waziwazi, Rabi, hili tulilisoma jana, na mume wangu hujibu, basi leo utanieleza wewe. Watu huniambia nimebahatika, mambo yameisha kwa heshima. Sijui ni mambo gani yaliyoisha. Kila asubuhi anauliza, na kila asubuhi namwambia, na kila asubuhi uso wake unavunjika mbele yangu kisha anaukusanya, anauliza kama alifanya vizuri, na anaisamehe heshima yake upya. Haijatokea siku akakataa. Nimejifunza kusimulia kwa kifupi.

Leo mgongo ulikuwa unaniuma na uji uliungua. Aliponiuliza nikasema koti liko kwa dobi.

"Ah," alisema, akafurahi. "Basi nitangoja."

Ametinga kofia yake akavuta kiti mpaka mlangoni, na ameshinda hapo siku nzima, akiinuka kila anaposikia nyayo kwenye ngazi.

Kesho nitamwambia.